Soma Swali Kwanza, Mwanangu



Mwezi uliopita, tulipokuwa tukitoka kanisani, mama mmoja wa kule mwambao wa Ziwa Nyasa alitushika mkono akatuvuta pembeni. "Dada," alisema, "wewe ni nesi, dawa unazijua. Nipe basi dawa ya mtoto anayesoma usiku kucha, kisha anafeli." Alicheka kidogo, nasi tukacheka, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Binti yake yuko Kidato cha Nne. Anasumbuliwa na Historia, na nyuma yake Jiografia na Uraia. Baba ameshatamka kwamba akipata sifuri hatatoa tena hata shilingi moja ya kumsomesha.

Kidonge cha ugonjwa huo hatukuwa nacho. Tulikuwa na habari ya nyumbani kwetu tu, nayo si ya kujivunia. Tulimsimulia, naye alipoondoka akasema, "Hii waandikie na wengine." Ndiyo tunayoileta leo.

KOSA LETU

Binti yetu alikuwa msomaji. Taa yake ilikuwa ya mwisho kuzimwa nyumbani. Daftari la Historia alilikariri hata ungeweza kumtajia kichwa cha habari naye akaendelea peke yake, kama mtu anayesali rozari. Siku ya matokeo ya moko alikuja na F ya Historia. Tulimgombeza. Tulimwambia ni mvivu, kwamba huo usiku wote alikuwa akiwaza mambo mengine na daftari ni kisingizio. Hakujibu. Akaweka karatasi mezani, akaenda kuteka maji.

Karatasi ile ilikaa mezani siku mbili. Siku ya tatu, tuliporudi kutoka zamu ya usiku, tukaikalia na kikombe cha chai tukaisoma. Swali moja la insha liliuliza kwa nini Waafrika walishindwa katika Vita vya Majimaji. Mtoto alikuwa ameandika kurasa mbili na nusu, mwandiko mzuri, hoja sita, zote za kweli. Lakini zilikuwa sababu zilizofanya vita vianze: kodi, kulazimishwa kulima pamba, kazi za shuruti, ukatili wa maakida. Kuhusu kushindwa, hakuna sentensi hata moja. Mwalimu alikuwa amempa alama 2 kati ya 15, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Soma swali."

Akina mama, hapo tuliona aibu. Mtoto hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Katika kazi yetu ya uuguzi tungemwelewa upesi, kwa maana hata dawa nzuri ikipewa ugonjwa usio wake haiponyi. Lakini nyumbani tulikuwa tumetoa hukumu kabla ya kumpima mgonjwa. Jioni ile tulimwomba radhi. Ndipo akatuambia: "Mama, nilipoona neno Majimaji tu, nikaanza kuandika."

Hapo ndipo watoto wengi wanapoangukia. Wanaona jina wanalolijua, wanafurahi, na kalamu inakimbia kabla ya macho kufika mwisho wa sentensi.

VITA VIMOJA, MASWALI MATATU

Tuchukue hivyo hivyo vita vya Majimaji, maana sisi wa Ruvuma ni vya kwetu. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, upande wa Kilwa, vikaenea kusini hadi Ungoni. Kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hata jina la mji wa Songea ni la Nduna Songea Mbano, mmoja wa waliouawa. Mtoto wa huku anaijua habari hii tangu utoto. Hata hivyo mtihani unaweza kuiuliza kwa njia tatu, na kila njia ina jibu lake.

Ukiuliza kwa nini vita vilitokea, jibu ni yale aliyoandika binti yetu: kodi, pamba, kazi za shuruti, ukatili.

Ukiuliza kwa nini Waafrika walishindwa, jibu linahamia kwingine kabisa. Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha. Maji ya dawa yaliyoanzia kwa Kinjeketile kule Ngarambe hayakuzuia risasi, na watu walipoona hivyo wakavunjika moyo. Hapakuwa na amri moja ya vita, bali kila eneo lilipigana kivyake. Makabila mengine hayakujiunga. Na Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza waliosalimika na risasi.

Ukiuliza matokeo, jibu linahamia tena: vifo vingi, njaa kubwa, vijiji kubaki mahame, serikali ya Kijerumani kulegeza baadhi ya mambo chini ya Gavana Rechenberg aliyekuja mwaka 1906, na somo la umoja ambalo wapigania uhuru wa baadaye walilishika.

Mnaona? Habari ni moja, lakini mwenye kuchanganya mafungu haya matatu anapoteza alama huku akiandika mambo ya kweli. Kwa hiyo binti yetu alianza kusoma kwa mafungu. Badala ya kurasa kumi za kukariri, kila habari akaiwekea karatasi moja yenye safu tatu: sababu, mwenendo na matokeo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipata karatasi yao, na ukoloni wa Waingereza vilevile. Na katika kila karatasi aliweka kitu cha huku kwetu cha kumkumbusha mwaka. Kwa mfano, hasahau kamwe kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza 1914, kwa sababu Agosti ya mwaka huo meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, hapo hapo Liuli. Wajerumani wakati ule walipaita Sphinxhaven. Meli yao ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza!

PIGA MSTARI CHINI YA MAMBO MATATU

Kabla ya kuandika neno lolote, mtoto apige mstari chini ya mambo matatu katika swali.

La kwanza ni neno la amri. Karatasi hizi za Kidato cha Nne ni za Kiingereza, lakini maana ya amri hata mama asiyejua Kiingereza anaweza kuishika na kumwuliza mtoto. "Taja" ni kuorodhesha tu. "Eleza" ni kusema jambo na kuonyesha lilivyokuwa au lilivyotokea. "Tofautisha" ni kuweka vitu viwili uso kwa uso, si kuandika kimoja hadi mwisho ndipo uanze cha pili. "Jadili" ni kuingia ndani ya jambo na kulipima. Mwambie mtoto aandike maneno hayo ya Kiingereza kwenye kadi, nyuma yake aandike maana kwa Kiswahili, nawe umsikilize jioni unaposonga ugali.

La pili ni jambo lenyewe: wanauliza sababu, kushindwa, matokeo, faida au hasara?

La tatu ni mipaka: idadi ya hoja, miaka na mahali. Swali likisema hoja sita, ni sita. Ya saba na ya nane hazina malipo, nazo zimekula dakika za swali jingine. Swali likisema Afrika Mashariki, mifano ya Nigeria haina kazi. Likisema kabla ya 1914, usilete habari za TANU ya mwaka 1954.

Kupiga mistari hii hakuzidi dakika moja. Binti yetu mwanzoni aliona anapoteza muda. Tulimwambia kwamba kurasa zake mbili na nusu zilimpa alama 2, basi afanye hesabu mwenyewe wapi muda ulipotea zaidi.

HOJA, MAELEZO, MFANO

Kosa la pili tulilikuta katika karatasi ya Jiografia. Mtoto aliulizwa njia za kuhifadhi udongo. Aliandika: "Kilimo cha matuta. Kupanda miti. Kupanda majani." Basi. Aliagizwa aeleze, yeye akataja.

Siku ile tulikuwa shambani, tukamwuliza: "Hapa ulipokanyaga ni wapi?"

"Kwenye ngoro, Mama."

"Tunachimba ngoro kwa nini?"

Akashangaa. "Mama, na ngoro nazo zimo kwenye mtihani?"

Zimo, ndugu zangu! Wamatengo wamelima ngoro katika milima hii kwa vizazi vingi, na wataalamu wametoka nchi za mbali kuja kuzitazama. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama nondo za dirisha. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika zile nyasi, na pale ulipotoka hubaki shimo. Mvua ikinyesha juu ya mteremko, maji hutulia shimoni badala ya kushuka na udongo hadi mtoni. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Kila mama wa Umatengo anayajua haya kwa mikono yake, maana kufukia nyasi ni kazi ya wanawake. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kumwambia mtoto kwamba huo ni ujuzi unaolipwa alama?

Tukamfundisha jibu liwe na sehemu tatu.

Hoja: Kilimo cha ngoro huzuia mmomonyoko wa udongo.

Maelezo: Mashimo hupokea maji ya mvua na kuyapunguzia kasi, hivyo maji hayachukui udongo wa juu wenye rutuba.

Mfano: Mashamba ya Wamatengo kwenye miteremko ya milima ya Mbinga.

Sentensi tatu fupi zinatosha. Hata Kiingereza cha mtoto kikiwa chepesi, sentensi fupi atazimudu bila kujikwaa. Asitafute maneno makubwa, maana msahihishaji anatafuta hoja.

Watoto wa mwambao nao wanayo yao. Akiulizwa juu ya uharibifu wa mazingira, atazame ziwani. Nyavu za matundu madogo huzoa samaki wachanga kabla hawajazaa. Vyandarua tunavyovigawa kliniki kwa ajili ya malaria vikigeuzwa nyavu za dagaa, nyumba inapata hasara mbili: samaki wanapungua na mbu wanaingia. Hapo mtoto amepata hoja, maelezo na mfano, na hakuhitaji kwenda mbali kuutafuta.

Kwa insha ndefu, aanze na utangulizi wa sentensi mbili au tatu unaosema jambo ni lipi, lini na wapi. Kisha kila hoja aipe aya yake. Mwisho aweke hitimisho fupi linalorudi kwenye swali. Hadithi ndefu za utangulizi hazimsaidii.

KUSOMA NI KUFUNGA DAFTARI

Tuliwahi kudhani kwamba mtoto anayesoma ni yule aliyeinamia daftari. Sasa tunajua kwamba macho yanaweza kupita juu ya maneno hata mara ishirini, moyoni kusibaki kitu. Asome ukurasa mmoja, afunge daftari, kisha aseme au aandike anachokumbuka. Akifungua tena ataona mapengo yake. Mapengo hayo ndiyo ya kusoma, si yale anayoyajua tayari. Kesho ajiulize tena, wiki ijayo tena, mwezi ujao tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa ndipo mama anapoingia, hata kama hakufika darasa la saba. Sisi tulianza desturi moja: kila jioni, wakati wa kuchambua maharage, binti alitusimulia habari moja ya Historia au Uraia kwa Kiswahili, bila daftari. Sisi tulikuwa na maswali matatu tu: "Kwa nini?" "Halafu ikawaje?" "Nipe mfano." Akikwama, alijua mwenyewe pa kurudia. Baada ya kusimulia, alikaa na kuandika habari ile ile kwa Kiingereza. Mtu akishaielewa habari katika lugha yake, kuitafuta katika lugha nyingine si mlima mkubwa tena. Mama wa mwambao aliposikia hivyo akasema, "Basi hata mimi nikianika dagaa naweza." Naam, unaweza.

Jumamosi wasichana wanne wa jumuiya yetu walikutana kwenye ukumbi wa kigango na karatasi za mitihani iliyopita. Waliandika kwa saa, kisha wakabadilishana na kusahihishana. Utashangaa jinsi mtoto anavyoliona kosa katika karatasi ya mwenzake, ambalo kwake mwenyewe halioni.

SAA TATU, ALAMA MIA

Karatasi ya Historia ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022 ilikuwa ya saa tatu, yenye alama 100: sehemu A alama 16, sehemu B alama 54 kwa maswali sita, na sehemu C alama 30 kwa insha mbili za kuchagua. Mpangilio unaweza kubadilika, kwa hiyo mtoto asome maagizo ya juu kwanza. Hesabu lakini ni ile ile. Katika dakika 180, dakika 20 ni za sehemu A, dakika 90 za sehemu B, yaani 15 kwa kila swali, na dakika 50 za sehemu C, yaani 25 kwa kila insha. Zinabaki 20 za kusoma karatasi mwanzoni na kupitia majibu mwishoni.

Watoto wengi hutumia saa nzima kwa insha wanayoipenda, kisha wanaacha nyingine wazi. Hata insha ya kwanza ingekuwa nzuri namna gani, haiwezi kupata zaidi ya 15. Ukurasa mtupu hupata sifuri kila mara. Dakika zikiisha, aache nafasi na kuhamia swali linalofuata. Ataweza kurudi. Na wala asiache wazi maswali ya kuchagua herufi.

NYUMBANI KWETU

Akina mama, tuseme ukweli. Msimu wa kahawa, nani huchuma? Maji ya jioni, nani huteka? Mdogo akiugua, nani hubaki nyumbani? Mara nyingi ni binti, wakati kaka yake amekaa na kitabu. Hatusemi binti asifanye kazi, nasi tulilelewa kwa kazi. Tunasema kazi zigawanywe, na katika mwaka wa mtihani apewe saa moja na nusu ya kila siku ambayo hakuna anayemwita. Kwetu kaka yake alipewa ndoo. Alinuna wiki mbili, kisha akazoea.

Na jambo la afya hatuwezi kuliacha. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kujiibia. Usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi kilichosomwa mchana. Usiku ule alale mapema, ndani ya chandarua, na asubuhi ale uji wa kutosha. Akiwa na homa wiki ya mtihani, msimpe vidonge vilivyobaki kabatini. Apelekwe kupima malaria siku hiyo hiyo. Na kila binti awe na pedi au vitambaa safi katika mkoba wake, hata kama siku zake bado, kwa sababu hofu ya mtihani huweza kuzivuruga. Amefundishwa miaka minne, asitolewe kwenye chumba cha mtihani na jambo ambalo mama yake angeliandaa kwa dakika tano.

Tunawakumbuka wale wanawali kumi wenye taa. Walisinzia wote, wenye busara na wapumbavu. Tofauti ilikuwa mafuta yaliyoandaliwa mapema.

Mtauliza binti yetu aliishia wapi. Mtihani wa mwisho ulimpa C ya Historia na C ya Jiografia. Si A, nasi hatukuahidi A. Lakini ile karatasi ya alama 2 hakuichana. Ameihifadhi, na siku hizi ndiyo anayowaonyesha wasichana wa kigango kila Jumamosi kabla hawajashika kalamu.

Leo jioni, kabla ya sala, mwulize mwanao swali moja la somo lake, kisha msikilize mpaka amalize. Usimgombeze. Ukiona anakimbia, mwambie taratibu: soma swali kwanza, mwanangu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.